Stirio za zamani za sanduku moja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Stirio za miaka ya 1970 zenye santuri, kaseti na redio ndani ya sanduku moja bado zinapatikana Unguja na Pemba. Nyengine zimekaa kabatini tangu zinunuliwe, nyengine zinaingia na mtumba wa Japani na Ulaya. Nyingi zinazotupwa hazikufa kwa uzee. Zimeuliwa na dakika tano za mwanzo, mtu alipozichomeka kwa pupa, au zimehukumiwa kwa kosa lisilo lao.

“Ukiwa na transfoma ya kushushia umeme, umemaliza.”

Umemaliza upande wa volti tu. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka ukutani hivyohivyo, fyuzi ikiwahi kukatika una bahati. Isipowahi, koili ya transfoma ya ndani inaungua. Kwa hiyo soma kwanza kibandiko cha nyuma. Baadhi ya mashine za Ulaya zina swichi ndogo ya kuchagua volti, na mara nyingi bisibisi ndiyo inayoigeuza. Na transfoma ya 110 kwa mashine ya 100 bado inaizidishia asilimia 10, nayo itapata moto bure. Tafuta yenye tundu la 100.

Hezi ni jambo jengine kabisa. Mashine ya Marekani yenye mota ya AC, inayokula umeme wa ukutani moja kwa moja, imepimiwa hezi 60. Hapa kwetu mota hiyo inazunguka tano kwa sita ya kasi yake: mizunguko 33⅓ kwa dakika inakuwa karibu 28, na sauti ya mwimbaji wa kike inazama mpaka humtambui. Hakuna transfoma ya kushushia umeme inayotibu hilo. Dawa ni puli ya mota (kigurudumu cha kwenye ekseli yake) iliyo nene zaidi kwa asilimia 20; watengenezaji kama Garrard na Dual walitoa za hezi 50 na za hezi 60. Mota ya DC, ya umeme kama wa betri, haina tatizo hili.

Hata volti zikiwa sawasawa, mashine iliyolala miaka isiwashwe kavukavu. Mwambie fundi aunganishe balbu ya uzi ya wati 60 mfululizo kwenye waya wa moto. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, mambo mema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani mna shoti: zima upesi, hujaunguza kitu. Kapasita zilizovimba au kuvuja zibadilishwe kwa zenye uwezo uleule, na volti zilezile au zaidi, kwa kufuata chanya na hasi. Kubadilisha zote kwa sababu tu ni za zamani si lazima, na kila lehemu ya ziada ni nafasi nyengine ya kuharibu bodi.

“Sahani haizunguki, mota imekufa.”

Mara nyingi mota ni nzima na kilichokufa ni mkanda wa mpira, uliolegea au ulioyeyuka ukawa kama lami. Pangusa puli kwa alkoholi ya isopropili mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pitisha uzi njia ya mkanda, pima urefu, punguza asilimia 5 hadi 8, na huo ndio mzingo wa mkanda mpya ukiwa haujavutwa. Mpira wa kufungia noti hautoshi: unavutika bila usawa na sauti inayumba. Ekseli ya sahani inataka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, basi. Mafuta hayohayo usiyapeleke kwenye vitufe vya sauti vinavyokwaruza. Huko ni dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme.

“Sindano ni sindano.”

Hapa ndipo santuri za thamani zinapoangamia. Ncha ya sindano ya LP, santuri ya mizunguko 33⅓, ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Mfereji wa santuri ya 78, ile ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika, unataka kama mikroni 65 hadi 75. Siti binti Saad alirikodi Bombay mwaka 1928, na santuri za zama zake ni za 78. Ukizipiga kwa sindano ya LP, ncha inazama chini kwenye uchafu na unasikia mkwaruzo kuliko sauti. Ukiweka sindano ya 78 kwenye LP, unaichimba. Vichwa vingi vya kauri (kichwa ndicho kinachoshika sindano) vina kijiti cha kugeuza, LP upande mmoja na 78 upande wa pili. Angalia pia swichi ya kasi, kwani stirio nyingi za mwisho wa miaka ya 1970 zina 33 na 45 tu.

Sindano ikiruka, usiweke sarafu juu ya mkono unaobeba kichwa. Kichwa cha kauri kinabeba gramu 5 au 6, cha sumaku 1.5 hadi 3, na kuzidisha ni kuchonga santuri. Aghlabu sindano imelika, au grisi ya mkono imeganda.

Na spiriti isiguse santuri ya 78 kabisa. Imetengenezwa kwa sheleki, ambayo maseremala huiyeyusha kwa spiriti hiyohiyo kupata vanishi. Tumia maji yaliyochujwa chumvi, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Maji ya kisima cha mawe yana chokaa, yakikauka yanabaki mferejini.

“FM haishiki, redio mbovu.”

Ya Japani haina ubovu. FM ya kwao ilianzia 76 na kuishia 90, yetu ni 88 hadi 108, kama zile redio za magari ya Japani.

“Wati 80, imeandikwa nyuma!”

Huo ni umeme inaoula, si nguvu ya spika.

“Iweke popote, bora ionekane.”

Sakafu za boriti za ghorofani Mji Mkongwe zinatikisika mtu akipita, na sindano inasikia kila hatua. Daka, yaani shubaka la ukutani, lenye kina cha kutosha ni mahali pazuri zaidi, kwani ukuta wa mawe hautikisiki. Acha sentimita 10 juu na nyuma, joto litoke na unyevu wa ukuta usiguse sanduku. Spika zisikae kabati moja na mashine inayopiga santuri, zitanguruma. Masika yanapoingia, bonyeza kwa kidole ukingo wa sponji wa spika. Ukimeguka au kunata, badilisha ukingo tu, kwa gundi iliyoachwa saa 24, wala usitupe spika.