Je, wajua kwa nini Manhattan hukorogwa lakini Whiskey Sour hutikiswa?

Kaa kaunta kwenye baa yenye mhudumu anayeijua kazi yake, uagize vinywaji viwili vya wiski: Manhattan na Whiskey Sour. Cha kwanza atakimimina juu ya barafu kwenye glasi kubwa, achukue kijiko kirefu na kukoroga taratibu, karibu bila sauti. Cha pili atakifungia ndani ya kopo la chuma na kukitikisa kwa nguvu mpaka kopo lenyewe litoke jasho la baridi. Barafu imetoka ndoo ileile. Kwa nini basi kimoja kibembelezwe na kingine kisukwesukwe?

Jibu la haraka ni limau. Manhattan haina limau: ni mililita 60 za wiski, 30 za vermuti nyekundu (divai iliyotiwa mitishamba na viungo) na matone mawili matatu ya Angostura, ile dawa chungu ya mizizi ambayo daktari Mjerumani Johann Siegert aliitengeneza Venezuela mwaka 1824 kwa ajili ya maradhi ya tumbo. Vyote hivyo ni vyepesi na huchanganyika bila kulazimishwa. Ukivitikisa unaviingizia hewa, na kinywaji kilichopaswa kung'aa kama chai ya rangi kinatoka na ukungu wa mapovu madogomadogo, na ule ulaini wake mdomoni unapotea.

Whiskey Sour ni habari nyingine. Ina maji ya limau na shira ya sukari, na shira ni nzito, hupenda kutuama chini. Inahitaji purukushani. Hapa hewa ndiyo inayotafutwa, hasa ukitia ute mweupe wa yai: ukitikiswa, protini zake hujikunjua na kuyashika mapovu yasipasuke, ukapata tabaka la povu jeupe juu ya glasi. Wenye mazoea hutikisa kwanza bila barafu, halafu tena na barafu, kwa sababu ute huumuka vizuri zaidi kabla haujapoa. Chagua yai bichi ambalo huna shaka nalo kabisa, au acha yai. Kinywaji kitakuwa kizuri hata bila povu.

Lakini jibu hilo la limau ni nusu tu. Nusu ya pili ni maji, na ndiyo inayonivutia zaidi.

Watu wengi huiogopa barafu inayoyeyuka. Wanaona inaizimua wiski, kwa hiyo wanaharakisha, au wanaigandisha chupa nzima ili barafu isihitajike. Tazama namna barafu inavyofanya kazi. Gramu 1 ya barafu ikitoka nyuzi 18 chini ya sifuri hadi kufikia sifuri hunyonya jouli 38 hivi za joto. Gramu hiyohiyo ikiyeyuka hunyonya jouli 334, karibu mara 9. Yaani ubaridi wa kinywaji chako hautoki kwenye ugumu wa barafu, unatoka kwenye kuyeyuka kwake. Barafu isiyoyeyuka karibu haijapoza kitu.

Chukua wiski iliyokaa kabatini Dar es Salaam mwezi wa Februari, nyuzi 30. Ili mililita 60 zake zishuke hadi nyuzi 2 chini ya sifuri (pombe hairuhusu kinywaji kigande hapo), gramu 23 hivi za barafu lazima ziwe maji. Zile mililita 60 za asilimia 40 sasa ni 83 za asilimia 29. Wiski hiyohiyo ikitoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 5, gramu 5 tu zinatosha. Itapoa upesi, lakini itabaki kali na harufu yake imejifunga. Ndiyo maana chupa ya wiski ya kutengenezea kokteli, yaani vinywaji vya kuchanganya kama hivi, ni afadhali ikae kabatini.

Maji hayo hayapunguzi ukali tu, yanagusa na harufu. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, waliifuatilia kwa kompyuta guayakoli, molekuli inayobeba sehemu ya harufu ya moshi katika wiski. Pombe ikiwa asilimia 45 au chini, guayakoli hupenda kukaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapofika. Ikiwa 59 au zaidi, huzama ndani.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo bila kompyuta. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji, na dawa chungu. Maji yametajwa wazi, kama kiungo kamili. Na mwaka huohuo Frederic Tudor wa Boston alipakia melini barafu iliyokatwa bwawani akaipeleka Martinique, biashara ambayo baadaye iliifikisha barafu hadi Calcutta. Barafu ilipozoeleka, maji yalianza kuingia kwenye glasi kwa njia yake.

Sasa unaona tofauti ya mikono. Kutikisa huvunja barafu na kuisugua, kwa hiyo sekunde 12 zinatosha kupoza na kuzimua sana. Limau na sukari huyabeba maji hayo vizuri. Kijiko huenda polepole, nusu dakika au zaidi, na kukupa nafasi ya kuchagua pa kusimamia.

Nyumbani huhitaji vyombo vya baa. Chupa ya jemu yenye kifuniko hutikisa vizuri, na chujio la chai huchuja. Barafu itoke kwenye friza wakati huohuo. Ile iliyoanza kulowana inaingiza maji ambayo hayajapoza chochote. Vermuti ikishafunguliwa ikae kwenye friji, maana ni divai na huchacha. Na mgeni umwambie wazi: Manhattan moja ina zaidi ya toti mbili hata kama inateleza, kwa hiyo sahani ya chakula na jagi la maji viwe mezani, na anayeendesha gari apewe limau, shira na povu bila wiski.

Ukikoroga Manhattan yako ya kwanza, onja kwa ncha ya kijiko kila baada ya sekunde 10. Mara ya kwanza itakuunguza. Mara ya pili utasikia sukari na mti wa pipa. Karibu na ya tatu au ya nne pombe itarudi nyuma na vermuti itajitokeza. Chuja hapohapo, kabla ya onjo linalofuata.