"Alternata Imekufa" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Waya za Chaji kwenye Mitambo ya Zamani

Betri zikikutwa zimelala asubuhi kwenye greda au buldoza la zamani, hukumu hutoka kabla hata kifuniko cha injini hakijafunguliwa: alternata imekufa. Inafungwa nyingine, na siku chache baadaye betri zimelala tena. Kwenye mitambo yenye umri huo, mimi huishuku njia ya umeme kabla ya kukishuku kinachouzalisha, maana waya zake zimeshapigwa viraka na mafundi wengi, kila mmoja kwa mtindo wake.

Dhana: Betri hazichaji, basi alternata ni mbovu.

Ukweli: Pima kwanza njia. Injini iwe kwenye mwendo wa kazi na taa zote ziwashwe, kwa sababu waya usiobebeshwa mzigo hauonyeshi ugonjwa wake. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye B+ ya alternata (teminali inayotoa chaji), nyingine kwenye nguzo chanya ya betri. Gusa nguzo yenyewe, si kishikio kilichoifunga. Namba utakayoisoma ni volti zinazopotelea njiani, na ikizidi nusu volti, tatizo liko kwenye waya au viungo vyake. Rudia upande wa arthi, kutoka bodi ya alternata hadi nguzo hasi. Hapo zaidi ya 0.2 hivi ni nyingi.

Hesabu yake ni rahisi. Ampea 40 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.03, zinapotea volti 1.2. Kwenye mfumo wa volti 12, alternata inatoa 14.2, betri inapata 13.0, na haitajaa maadamu mzigo huo upo. Omu 0.03 ni kutu kidogo tu chini ya nati, au rangi iliyopakwa kwenye bano la alternata wakati mtambo "unafanywa mpya". Rangi hiyo huzuia arthi inayopita kwenye bolti. Kwangua hadi chuma king'ae, au vuta waya mnene wa arthi kutoka bodi ya alternata hadi kwenye injini. (Alternata yenye teminali yake ya arthi, B−, ni habari nyingine: hiyo pimia kwenye B−, si kwenye bodi.)

Dhana: Mita imelia ikipimia kama waya umekatika, basi waya ni mzima.

Ukweli: Mita hupitisha umeme mdogo mno ikilia, na uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuiliza. Chuna ganda la waya kama huo karibu na kishikio uone: nje laini, ndani unga wa kijani.

Dhana: Chomoa betri injini ikinguruma; ikizimika, alternata ni mbovu.

Ukweli: Dizeli ya zamani yenye pampu ya kimekanika haihitaji umeme ili iendelee kunguruma, kwa hiyo hapo hujapima kitu. Ila unaweza kuwa umeua kitu. Betri ikichomolewa ghafla, volti zinaweza kuruka kupita 100 na kuunguza dayodi (zinazogeuza AC ya alternata kuwa DC) na regulata (inayodhibiti volti zake).

Dhana: Taa ya chaji ni ya kumjulisha dereva tu.

Ukweli: Kwenye alternata nyingi zenye teminali ya D+ (inayoungwa na taa ya chaji), umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha sumaku ya rota, sehemu inayozunguka ndani ya alternata. Balbu ikiungua, alternata huenda isichaji mpaka injini ikanyagwe sana, au isichaji kabisa. Ukiweka LED isiyo na rezista ya pembeni, umeme unaopita ni mdogo mno.

Washa swichi bila kuwasha injini: taa lazima iwake. Isipowaka, chomoa waya wa D+ na uuguse kwenye arthi kupitia taa ya kupimia. Taa ya kupimia ikiwaka, hata kwa unyonge, njia inapitisha, kwa hiyo angalia kaboni (zinazopeleka umeme kwenye rota) na regulata. Isipowaka, tafuta kwenye balbu, fyuzi au waya.

Wapo wanaoiruka balbu na kuunga swichi moja kwa moja kwenye D+. Kama injini inazimwa kwa solenoidi ya mafuta (vali ya umeme inayokata mafuta), dereva atazima swichi na injini itaendelea kunguruma, kwa sababu D+ inarudisha umeme kwenye solenoidi.

Na taa kuzimika hakuthibitishi kwamba chaji ni kamili. Dayodi moja inaweza kuwa imekufa na taa ikabaki imezima. Pima volti za AC kwenye B+. Zikipita nusu volti, ishuku dayodi.

Dhana: Redio ya volti 12 unaweza kuiunga kwenye betri moja ya mtambo wa volti 24.

Ukweli: Betri hiyo itakuwa na njaa daima na mwenzake atachajiwa kupita kiasi, halafu lawama ziende kwa alternata. Tumia kipunguza volti.

Dhana: Alternata kubwa zaidi ni bora zaidi.

Ukweli: Kwenye dashibodi nyingi za zamani chaji yote hupita ndani ya mita ya ampea. Ukifunga alternata ya ampea 90 mahali pa ile ya 35, mita na waya zake vitaunguzwa siku betri zitakapokuwa tupu. Vuta waya mpya mnene, wenye fyuzi yake, kutoka B+ hadi betri, na mita ya ampea uibadilishe kwa mita ya volti.