Kapela ya makaburini ilijengwa kwa ajili ya wafiwa

Juzi tena, tukitoka kuzika, mzee mmoja alinieleza kwa upole kwamba Walutheri hujenga kapela makaburini ili wamwombee marehemu apunguziwe adhabu. Nimelisikia hili misibani hadi nimechoka. Kazi yangu ni kukarabati majengo ya ibada, na majengo yenyewe yanakataa maelezo hayo.

Zamani watu waligombea kuzikwa karibu na altare kwa sababu ya misa za wafu. Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, alipozikataa, kaburi halikuwa na haja tena ya kubanana na altare. Mwaka 1527, tauni ikiwa Wittenberg, mji wake wa Ujerumani, alishauri makaburi yawe nje ya mji, mahali patulivu pa kutafakari kifo na ufufuo, hata kuta zichorwe picha za dini. Anayetafakari ni nani, kama si aliye hai?

Nisifiche jambo: mwaka 1531 Melanchthon, mwenzake Luther, aliandika kwamba kuwaombea wafu Walutheri hawakukatazi. Walichokataa ni kuifanya Meza ya Bwana kuwa tendo la kuwatolea wafu. Kwa hiyo mzee wangu hakukosea kuomba. Alikosea kuhusu jengo.

Kule Halle, Ujerumani, kuanzia 1557, mjenzi Nickel Hoffmann aliuzungushia uwanja wa makaburi matao 94 yanayotazama ndani, yenye mistari ya Biblia iliyochongwa kwenye mawe. Mistari hiyo inamhubiria mpita njia. Lakini chini ya matao kuna vyumba vya kuzikia vya familia zenye uwezo, na hilo linaniuma: mahubiri ya usawa mbele za Mungu yaliishia pale fedha zilipoanzia.

Ukitaka kuliona wazo lenyewe, la jengo linalowahudumia walio hai, nenda Stockholm, Sweden, kwenye Kapela ya Ufufuo ya msanifu majengo Sigurd Lewerentz, ya mwaka 1925. Njia iliyonyooka ya mita 888 inakupitisha msituni hadi kwenye baraza ya nguzo, upande wa kaskazini. Isogelee. Baraza haijagusana na kapela. Kuna mwanya mwembamba, na imekaa mshazari kidogo. Ndani, dirisha moja tu, la kusini, linamwaga mwanga palipo na jeneza. Ibada ikiisha, wafiwa hawarudi walikoingilia. Wanafunguliwa mlango mwingine, wa magharibi, wanatoka na kuyakuta makaburi mbele yao.