Kuchunguza oksidi za metali kwa hadubini: kazi kubwa iko kwenye kukata

Ukikwaruza alumini, mng'ao unaojitokeza hufunikwa upya karibu papo hapo. Oksijeni ya hewani huungana na metali na kufanya utando wenye unene wa nanomita chache, na utando huo ndio unaoikinga alumini isiendelee kuliwa. Chuma cha kawaida hakina kinga hiyo. Kutu yake ina vinyweleo na hubanduka, hivyo maji na hewa hupenya mpaka kwenye chuma kizima kilicho chini.

Karibu kila metali ina oksidi, yaani tabaka la metali iliyoungana na oksijeni. Tunachotaka kujua ni kama imeshikamana na metali, ina nyufa, na imejengwa kwa tabaka ngapi. Kuitazama kwa juu hakutoshi. Lazima tuikate na kuiangalia ubavuni.

Hapo ndipo penye kazi. Oksidi ni ngumu lakini huvunjika upesi, na ufa unaoonekana kwenye picha huenda umeletwa na msumeno wetu wenyewe. Kwa hiyo tunaimwagia resini kwanza, tunaiacha ipenye na kuganda, ndipo tunakata. Kisha tunasugua kwa msasa, kutoka wenye chembe kubwa hadi laini, na kumalizia kwa unga wa almasi. Oksidi inayoyeyuka majini husuguliwa kwa mafuta. Mimi siamini picha yoyote ya ufa kabla sijaambiwa sampuli iliandaliwaje.

Hadubini ya mwanga hutenganisha vitu hadi umbali wa nanomita 200 hivi. Hiyo yatosha kwa magamba ya chuma kilichokaa kwenye joto linalozidi nyuzi 570 za Selsiasi: kati ya oksidi tatu za chuma, wustiti, iliyo nene kuliko zote, hulala juu ya chuma, magnetiti hufuata, na hematiti huwa nje kabisa.

Utando wa kromi oksidi unaokilinda chuma cha pua ni mwembamba mno kwa mwanga. Huko tunategemea hadubini ya elektroni, ambayo Max Knoll na Ernst Ruska walianza kuiunda Berlin mwaka 1931. Miali ya ioni (atomi zenye chaji ya umeme) za metali ya gali huchonga kipande chembamba kuliko nanomita 100, elektroni zikapita ndani yake, na eksirei zinazotoka hapo hutaja elementi zilizomo.

Ukipeleka maabara kipande kilicholiwa na kutu, tafadhali usikioshe wala kukipiga brashi. Kifunge kikiwa kikavu, na uandike kilikaa upande gani na katika joto gani.