Usiipite meza ya nesi wa kisukari

Watu wengi wakija kliniki ya kisukari wanachokingoja ni daktari tu. Wamefika alfajiri na njaa yao, wamepimwa sukari, presha na uzito, wamekaa benchi mpaka mgongo unauma, wakitoka kwa daktari na karatasi ya dawa mkononi ni moja kwa moja dirisha la dawa afu nyumbani. Hapo katikati kuna meza ya nesi wa kisukari na wengi wanaipita, ukiwaita wanakwambia "sista mi nshaonwa tayari". Mimi ndo nakaa kwenye hiyo meza, kwahiyo mnaweza kusema navutia kwangu, sawa, lakini nisikilizeni kwanza.

Daktari anaandika dozi. Ile dozi inaenda kuishi nyumbani kwako, na ugali wako, na friji yako ambayo labda hauna, na mjukuu anayekusomea namba maana macho yameshaanza kusumbua. Insulini, ile dawa ya kuchoma ya kushusha sukari, inaweza ikaandikwa sahihi kabisa na sukari bado ikasoma 18, juu sana, sababu tatizo liko kati ya kichupa na ngozi, na hilo kwenye faili halionekani. Kazi yetu ni kulitafuta.

Ndio maana swali langu la kwanza sio "unachoma insulini?" maana wote wanajibu ndio. Nasema hebu nionyeshe unavyochoma nyumbani, na namuachia kichupa na sirinji mimi natulia naangalia tu. Hapo ndo mambo yanatoka. Mmoja anakitikisa kichupa kwa nguvu mpaka povu, wakati ile insulini ya mchanganyiko yenye ukungu inatakiwa kuviringishwa taratibu kwenye viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, ukiacha unga umelala chini unavuta maji matupu leo na kesho unavuta dawa kali. Mwingine anachoma na kuchomoa hapo hapo, dawa inadondoka nje, kumbe angehesabu taratibu mpaka kumi ndo achomoe.

Halafu kuna hili la sirinji ambalo naomba mlisome mara mbili. Sirinji za insulini tunazotumia ni za uniti 100, lakini zina saizi. Ile ndogo ya nusu mililita mara nyingi kila kamstari ni uniti 1, ile kubwa ya mililita 1 mara nyingi kila kamstari ni uniti 2. Sasa kuna watu wamezoea kuhesabu mistari badala ya kusoma namba, "mi navuta mpaka mstari wa kumi". Siku duka la dawa wameishiwa ndogo wakampa kubwa, mistari ni ile ile kumi, dozi imekuwa mara mbili, na usiku sukari inashuka mtu anaokotwa chini na jasho mwili mzima na familia inasema amerogwa. Soma namba. Na ukibadilishiwa sirinji ya aina yoyote pitia kwetu kabla hujaitumia.

Sehemu ya kuchoma nayo. Tumbo, mapaja, matako, nyuma ya mkono juu, unazunguka. Ila binadamu akishapata pahala pasipouma hahami, anachoma hapo hapo miezi na miezi mpaka panajenga kinundu laini chini ya ngozi. Yeye anafurahi hapaumi, lakini pale kwenye kinundu insulini hainyonywi vizuri, leo inaingia kidogo kesho inaingia nyingi, sukari inapanda na kushuka hovyo na daktari anaongeza dozi akidhani haitoshi. Sisi tunapapasa kwa vidole, tukikuta kinundu tunamhamisha, na hapa sikilizeni vizuri, akihamia kwenye ngozi nzima ile dozi iliyoongezwa inaweza ikawa kubwa sana kwake. Kwahiyo usisome hapa afu ukahama mwenyewe, ongea kwanza na kliniki yako waangalie kama dozi ishushwe na upime sukari mara nyingi zaidi siku za mwanzo.

Kuhifadhi tunaulizwa kila siku. Kichupa ambacho hujakifungua kikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, mlangoni mwa friji panatosha, usikiweke kule kwenye barafu, ikiganda imekufa hata ikiyeyuka tupa. Ukishakifungua kinaweza kukaa nje ya friji kama wiki 4 hivi pasipo na joto kali, andika tarehe ya kufungua kwa peni kwenye lebo. Na asiye na friji? Mtungi. Mtungi mkubwa, ndani yake mdogo, katikati mchanga uliolowanishwa maji, kitambaa kibichi juu, pahala pa kivuli na penye upepo. Sio friji lakini unapunguza joto vya kutosha, babu zetu walikunywa maji ya baridi hivyo hivyo. Nilichokiona kinaharibu insulini kuliko yote ni safari, mtu anasafiri na basi kichupa kiko kwenye begi juu ya injini.

Nirudi kidogo nyuma, maana wengine wanadhani hii kazi ya nesi kufundisha ni mambo ya wafadhili tu. Insulini ilichomwa kwa binadamu mara ya kwanza Toronto kule Kanada mwaka 1922, na Boston Marekani daktari mmoja anaitwa Elliott Joslin alikuwa anatuma manesi wakakae majumbani kwa wagonjwa wawafundishe kula na kuchoma, aliona mapema kwamba dawa bila mafundisho haifiki mbali. Uingereza sasaivi nesi wa kisukari aliyesomea kuandika dawa anabadili dozi mwenyewe. Kwetu dozi ni ya daktari, na wengi wetu tulianza kama manesi wa kawaida tukapata mafunzo ya kisukari baadae. Na niseme linalonikera, unakuta nesi kafundishwa vizuri, kashazoea wagonjwa na wagonjwa washamzoea, ghafla kahamishiwa wadi ya wazazi, kliniki inaanza upya na mtu mwingine. Hiyo sio sawa, na watu hawa sio wachache, utafiti wa kitaifa wa 2012 hapa Tanzania ulikuta watu wazima wa miaka 25 mpaka 64 kama 9 kati ya kila 100 wana kisukari.

Haya, miguu. Hapa ndo natumia muda mwingi na hapa ndo watu wananionea aibu, hawataki kuvua viatu. Sukari ikikaa juu miaka inaua mishipa ya fahamu, mguu unakuwa na ganzi, na mguu wenye ganzi hauna mlinzi. Tuna kauzi ka plastiki, tunakagusisha unyayoni tukikandamiza mpaka kanapinda, mgonjwa kafumba macho anatakiwa aseme "sasa" kila akihisi. Inatisha ukiona mtu mzima kafumba macho anasubiri uanze, na wewe ushagusa mara sita.

Mtu wa hivyo anakanyaga msumari, ukapita kwenye kandambili, anatembea nao siku nzima. Anakanda miguu kwa maji ya moto na chumvi maana inawaka moto usiku, anaungua malengelenge hajui. Na msicheke hili, panya. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, hawakusikia, wameamka asubuhi wanaona damu kwenye shuka. Kwahiyo nikikuuliza kama nyumbani kuna panya na kama unachomekea chandarua vizuri sio umbea, ni kazi. Angalia miguu kila siku, katikati ya vidole na chini ya unyayo, huoni weka kioo sakafuni au mwite mtoto. Maji pima kwa kiwiko. Peku hata ndani ya nyumba hapana. Kidonda hata kama ni kadogo kama ncha ya kalamu usikitie dawa ya meno wala majivu, njoo siku hiyo hiyo. Miguu mingi inayokatwa ilianza na kitu kidogo kilichosubirishwa.

Kuna hili la watu kutuficha, na hapa naomba niseme ukweli wangu. Wiki moja kabla ya kliniki mtu anakula mchicha na maji tu, akija sukari ya asubuhi 6, safi, anapongezwa. Afu tunapima ile sukari ya miezi 3, inarudi asilimia 11. Kile kipimo kinaangalia wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, huwezi kukidanganya kwa mchicha wa wiki. Wala sina mpango wa kukugombeza, nikijua kwamba hela ya stripu za kupimia sukari iliisha au ulichoka ukaacha tu, tunapanga kitu kinachowezekana. Ukinificha napanga kwa mtu ambaye hayupo.

Mitishamba vile vile. Mlonge, bamia, mdalasini, mchanganyiko wa mtu flani wa WhatsApp, niambie. Ninachokiogopa zaidi ni aliyeambiwa aache insulini, hasa mtoto au kijana wa kisukari cha aina ya kwanza. Huyo mwili wake hautengenezi insulini, akiacha siku chache tu anaanza kutapika, tumbo linauma, anahema kwa kasi kwa kina, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali muda huo huo. Na mtoto ambaye hajajulikana bado, anakunywa maji kama ng'ombe, kaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, kakonda ghafla, wengi wanatibiwa malaria kwanza. Omba apimwe sukari, ni tone moja la damu.

Sukari kushuka kila mtu nyumbani aijue, sio mgonjwa peke yake. Chini ya 4 imeshuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu, kuongea ovyo. Vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida sio ile isiyo na sukari, subiri dakika 15 pima tena, bado iko chini rudia, ikishapanda ale chakula. Chokoleti haisaidii haraka, ina mafuta. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, kimbiza hospitali. Na wazee wanaotumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, ile dawa inakaa mwilini muda mrefu, bibi kanywa dawa asubuhi afu hakula mchana maana hakuwa na hamu, jioni anasinzia sinzia mnasema uzee. Mpimeni.

Ramadhani huku pwani ni msimu wetu mkubwa. Wapo wanaofunga bila kutuambia wakijua tutawakataza, na wapo tunaowashauri kweli wasifunge, mjamzito mwenye kisukari, ambaye sukari yake ilishashuka akazimia, wengi wa aina ya kwanza. Lakini wengine wanaweza kwa mpango, ila waje mwezi na nusu kabla sio siku ya kuandama. Mara nyingi ile dozi kubwa ya asubuhi inahamia futari na ya daku inapunguzwa, kiasi gani ni cha mtu na mtu, usimuige jirani. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi, hilo masheikh wamelizungumza na limo kwenye miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani, na miongozo hiyo hiyo inasema ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 fungua, hata kama imebaki nusu saa adhana. Futari nayo, kaimati, tambi, viazi vya nazi, uji wa sukari na tende saba kwa mkao mmoja, hapo sukari ya saa tatu usiku hata mashine inaogopa. Tende moja mbili, chagua wanga mmoja, mengine yapumzike.

Kitu kimoja kidogo, mashine ya ndugu aliyekuja nayo kutoka Marekani ikisoma 180 usizimie, ile inasoma kwa vipimo vingine, gawa kwa 18 unapata 10. Na nawa mikono ukauke kabla hujapima, ukitoboa kidole kilichotoka kumenya embe utasoma sukari ya embe.

Kwahiyo tarehe yako ikifika njoo na daftari hata kama lina mapengo, mashine yako na stripu zake tuangalie hazijapitwa na tarehe, kichupa na sirinji unayotumia kweli, dawa zote hata zile za chupa ya maji, na kama anayepika ni mke, mkwe au dada wa kazi mje naye, maana tukiongea na wewe chumvi na mafuta na pishi la ugali anayejua ni yeye. Kliniki nyingi hiyo meza haina foleni kubwa, na viatu utavua, soksi pia.