Sponsa si Kinga ya VVU

Haya ni maswali ninayoulizwa kliniki na mabinti wenye sponsa, yaani mwanaume mkubwa anayewapa pesa na zawadi, nami nachoka kuyajibu wakati maji yameshamwagika.

VVU ni nini?
Ni virusi vinavyokula kinga ya mwili. Vikiachwa bila dawa huleta Ukimwi. Tuendelee.

Sista, sponsa wangu ni mtu mzima, ana kazi yake na familia. Si afadhali kuliko vijana wa mtaani?
Hapana, mwanangu. Ana miaka mingi ya wapenzi nyuma yake, na wanaume wa miaka thelathini na arobaini wana VVU kwa wingi kuliko wavulana wa rika lako. Pete ya ndoa si cheti cha kupima.

Lakini amenawiri, hakohoi hata.
Hapana tena. Virusi hukaa mwilini miaka bila dalili. Mimi niliyesomea kazi hii simjui kwa macho, wewe utamjuaje?

Si tumefundishwa shuleni tusubiri ndoa, basi?
Mnafundishwa, ndiyo. Mchumi Pascaline Dupas alilipima jambo hili magharibi mwa Kenya. Mwaka 2004, katika shule 71 kati ya 328, wanafunzi wa darasa la nane walipewa kipindi kimoja tu, wakaoneshwa maambukizi yalivyo kwa kila umri. Mimba za wasichana wale zikapungua kwa asilimia 28. Mtaala wa kitaifa wa kuhimiza kusubiri haukupunguza mimba. Msichana hupiga hesabu, tusijidanganye: mzee ana nauli, ana sodo, na mimba ikiingia huenda akaitunza. Neno "acha" peke yake halibadilishi hesabu hiyo. Akijua mzee ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, huipiga upya mwenyewe.

Nimeshalala naye bila kondomu. Nisubiri miezi mitatu nipime?
Usisubiri! Njoo leo, hata usiku. PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na hatari, huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Wengi hunijia siku ya tano au ya sita: "Sista, nilimwamini." Siku ya tano PEP sina cha kukupa, nitakupima tu. Saa 72, si wiki.

Akikataa kupima?
Kondomu kila mara, na uliza kuhusu PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kukutana na hatari. Aliyepima akakutwa na VVU, anayemeza dawa zake, na virusi havionekani tena kwenye kipimo, haambukizi kwa ngono. Namwogopa zaidi huyo wako anayekwepa tone moja la damu kidoleni.