Hapana, jina Yesu halitokani na Zeus

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti "Yesu" maana yake ni "salamu Zeus", kwamba Wagiriki walichomeka mungu wao ndani ya Biblia na sisi tunamwita bila kujua. Sio kweli jamani, na kucheki ni dakika mbili tu.

Kwa Kiebrania jina ni Yeshua, kifupi cha Yehoshua, ndo lilelile la Yoshua wa Yeriko, na linabeba maana ya Bwana kuokoa. Sasa Kigiriki hakikuwa na sauti ya "sh" kwa hiyo ikawa "s", halafu wakabandika "s" nyingine mwishoni kama walivyozoea kwa majina ya kiume, likatoka Iesous, ni vilevile Yuda alivyokuwa Ioudas na Yona akawa Ionas, na hao mbona hakuna anayewasingizia Zeus! Wayahudi wenyewe walipotafsiri Torati kwa Kigiriki, kabla Yesu hajazaliwa, Yoshua walimwandika Iesous.

Fungua Matendo 14:12. Zeus yupo pale, watu wa Listra wanamwita Barnaba kwa jina hilo, na kwenye Kigiriki cha mstari huo limeandikwa "Dia", maana ndivyo linavyobadilika kwenye sentensi. Iesous linakuwa Iesoun. Zinafanana wapi?

Wanaochanganya nawaelewa, Kiingereza kinatamka "Jizas" na "Zuus", sikio linadanganyika. Ikikufikia usiiforward, mrudishie aliyekutumia huo mstari wa Matendo.